Kuwafungia wageni simu hakutawafanya warudi

Sharti la kufungiwa simu mlangoni lilianza kama jambo la wachekeshaji na wanamuziki wachache wenye misimamo yao. Mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya Yondr, ikaja na kifuko kinachojifunga kwa sumaku: mgeni anatumbukiza simu, kifuko anakaa nacho mwenyewe, ila hakifunguki mpaka akiguse kwenye kifaa maalumu kilichowekwa nje ya ukumbi. Dave Chappelle akakitumia kwenye maonyesho yake, Jack White akafuata, Bob Dylan naye akakifanya sharti kwenye ziara zake. Sasa wazo hilo limeshuka jukwaani na kuingia kwenye harusi, hafla za kampuni, hata sherehe za kuzaliwa. Wengine wanatumia vifuko, wengine wanabandika stika kwenye kamera, wengine wanaweka tu mstari wa adabu kwenye kadi ya mwaliko. Maelezo yanayotolewa ni yale yale: simu ndiyo iliyoua shughuli, na mgeni akitenganishwa nayo atachangamka, atakumbuka, na mwakani atauliza mwenyewe ni lini.

Nionavyo mimi, maelezo hayo yameanzia mwisho. Mgeni anayechungulia simu dakika kumi baada ya kufika hajatekwa na simu. Amekosa mtu wa kuzungumza naye, amekosa cha kufanya, na ana hakika kwamba akiondoka sasa hivi hakuna atakayegundua. Simu ni maficho yake. Ukimfungia, upweke wake unabaki pale pale, ila sasa unaonekana na kila mtu. Watu hurudi kwenye shughuli ambayo ndani yake walikuwa na nafasi: walijulikana, walihitajika, au walianzisha na mtu jambo ambalo halijaisha. Hilo halipatikani kwa kifuko. Wala halipatikani kwa mapambo, taa na mshereheshaji mwenye jina, na hapo ndipo ninapoachana hata na wale wanaovipinga vifuko.

Mkanganyiko wenyewe uko kwenye lengo. Waandalizi karibu wote husema wanataka shughuli isiyosahaulika, halafu huchukulia kwamba isiyosahaulika itatamaniwa tena. Haya ni mambo mawili. Tamasha la Fyre, lililopangwa kufanyika kisiwani Great Exuma huko Bahamas mwezi Aprili 2017, halitasahaulika kwa miaka mingi. Lilitangazwa na wanamitindo mashuhuri waliobandika mraba wa rangi ya chungwa kwenye kurasa zao za Instagram, tiketi zikagombewa, na waliofika wakakuta mahema ya dharura pale walipoahidiwa makazi ya kifahari. Mwandalizi wake, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018 kwa ulaghai. Mfano huu umepitiliza, nakubali, lakini wadogo zake tunakutana nao kila msimu: hafla yenye fataki, msanii mkubwa na ukuta wa maua wa kupigia picha, ambayo watu huisifia wiki nzima, kisha mwaka unaofuata wengi wao wanatuma udhuru.

Weka kando yake parkrun. Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita tano ndani ya Bushy Park, London. Aliyewaita, Paul Sinton-Hewitt, hakukimbia. Alikuwa ameumia, na alitaka tu njia ya kuendelea kuonana na wenzake wa mbio. Hakuna jukwaa lililojengwa, hakuna msanii aliyealikwa. Leo mbio hizo hufanyika kila wiki katika nchi zaidi ya 20, bure, kwa umbali ule ule, na kazi za siku hiyo, kuanzia kushika saa hadi kugawa namba za waliomaliza, hufanywa kwa kujitolea na watu wa humo humo. Ukizitazama kwa jicho la mpambaji wa kumbi, ni shughuli mbovu: haina jipya na wiki ijayo itakuwa kama ya leo. Lakini wapo waliokimbia mara mia na zaidi, na wanatambuliwa kwa fulana maalumu. Ni vigumu kulieleza hilo kwa kanuni ya kwamba kila shughuli lazima ipite iliyotangulia kwa ukubwa. Ni rahisi kulieleza ukikumbuka kwamba ilibuniwa na mtu aliyejikuta hana tena nafasi kati ya wenzake, akajitengenezea nyingine.

Wanaotetea vifuko wana hoja zisizo za kubeza. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel alichapisha utafiti uliofanyika kwenye jumba la makumbusho: kwa jumla, vitu ambavyo washiriki walivipiga picha walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu. Mwaka 2018 Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wakaeleza jaribio la watu zaidi ya 300 waliokula pamoja na marafiki au jamaa zao. Waliokuwa na simu mezani walifurahia kidogo kuliko walioziweka mbali. Msanii naye ana haki ya kulinda kazi yake isivuje kabla ziara haijaisha. Na mgeni mwenyewe hupata ahueni ya kujua kwamba hakuna anayemrekodi akicheza ovyo. Hoja hii ya mwisho ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, maana hofu ya kurekodiwa kweli huwakausha watu.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Kristin Diehl, Gal Zauberman na Alixandra Barasch walionyesha mwaka 2016, kwa majaribio kadhaa, kwamba kupiga picha mara nyingi huongeza kufurahia, kwa kuwa humfanya mtu atazame kwa makini kilicho mbele yake, isipokuwa pale ambapo upigaji wenyewe unaingilia shughuli. Baadaye Barasch na wenzake wakaongeza jambo lililonifungua macho: anayepiga picha ili aiweke mtandaoni hufurahia kidogo kuliko anayejipigia ya kwake, kwa sababu akili yake iko kwenye swali la wengine watamwonaje. Soma matokeo haya yote pamoja na utaona kwamba kifaa ni kile kile. Kinachobadilika ni mgeni yuko na nani kichwani. Na kuna jambo jingine linalopita bila kusemwa. Wale wa jaribio la mezani walikuwa wamekaa na watu wao. Tayari walikuwa na mazungumzo, ndiyo maana simu ikawaibia kitu. Mgeni asiyemjua yeyote ukumbini hana cha kuibiwa. Kumfungia simu kwa kutegemea matokeo ya watu waliokaa na marafiki ni kumpa mtu dawa ya ugonjwa wa jirani yake.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa wapinzani wa vifuko: kwamba picha za wageni ndizo tangazo, na bila picha mwakani ukumbi utakuwa mtupu. Inatamkwa kwa kujiamini sana kwenye vikao vya maandalizi, na mara nyingi anayeitamka ndiye anayelipwa kwa kazi ya mitandao. Inachanganya mgeni wa mara ya kwanza na mgeni wa mara ya pili. Picha humleta ambaye hajawahi kuja, kwa sababu hana kingine cha kupimia. Aliyewahi kuja ana kipimo chake mwenyewe. Huwezi kumwonyesha video ya sekunde 30 mtu aliyesimama peke yake saa mbili karibu na mlango wa choo ukamshawishi kwamba alifurahi. Fyre lilikuwa na picha bora kuliko karibu kila tamasha la wakati wake, na picha hizo zilifanya kazi yake barabara: zilijaza watu kwenye ndege. Kwa onyesho linaloishi kwa wapita njia, ambao hawatarudi kwa hali yoyote, hesabu hii inaweza kukaa sawa. Anayetaka watu wale wale warudi anawalipia tangazo watu wasiolihitaji.

Karibu na hoja hiyo kuna ile ya kizazi: kwamba watu wa siku hizi hawajui tena kuzungumza, basi mwandalizi afanyeje. Utafiti ninaoupenda kuliko wowote kuhusu hafla unaikana. Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwaalika watu wa biashara kama mia moja kwenye hafla ya jioni ya kufahamiana, wakawavalisha vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyonakili nani amekutana na nani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, mwaka ambao iPhone ya kwanza ndiyo kwanza inaingia madukani, kwa hiyo simu janja haiwezi kusingiziwa. Kabla ya hafla wengi walisema wanakwenda kukutana na watu wapya. Walipofika, sehemu kubwa ya muda wao waliitumia na watu wachache waliowajua tangu zamani. Hawa hawakuwa vijana wenye haya. Walikuwa watu wazima ambao kuzungumza ni sehemu ya kazi yao, wamekuja kwa hiari, na wametaja wenyewe lengo lao. Waliachiwa uhuru wa kuchanganyika, na uhuru huo ukawarudisha kwa wale wale. Aliyefanikiwa kuliko wote kuchanganyika na watu jioni ile alikuwa mhudumu wa baa.

Huyo mhudumu nimemfikiria sana. Hakuwa mcheshi kupita wengine, au hata kama alikuwa, si hilo lililombeba. Alikuwa na kazi. Kila aliyemsogelea alikuwa na sababu ya kumsogelea, naye alikuwa na sababu ya kumtazama mtu usoni na kumwuliza swali. Alikuwa na mahali pa kusimama ambapo hakuna ambaye angeshangaa kumwona amesimama. Wageni waliobaki walikuwa na glasi na kitambulisho kifuani. Ukitaka kujua kwa nini hafla nyingi hazirudiwi, linganisha hali hizo mbili.

Sasa tazama kinachompata mgeni wa kawaida kwenye hafla ya kawaida. Anafika. Mlangoni kuna mtu mwenye orodha, macho yake yako kwenye karatasi; anatafuta jina, analiwekea alama, anampa kitambulisho cha kuning'iniza ambacho jina la mdhamini limeandikwa kubwa kuliko jina lake. "Karibu ndani," kwa ishara ya mkono. Ndani muziki uko juu kiasi kwamba ili usikike lazima uinamie sikio la mtu, na huwezi kuinamia sikio la usiyemjua. Waliotangulia wamesimama kwa mafungu, migongo nje. Anatembea hadi kwenye meza ya vinywaji, kwa kuwa ndiyo safari pekee aliyonayo. Anapata kinywaji, na safari imeisha. Anageuka, anatafuta uso anaoujua, hauoni. Hapo ndipo simu inapotoka, na si kwa sababu kuna ujumbe. Yote haya yametokea kabla mshereheshaji hajagusa kipaza sauti, na jioni ya mtu huyu imeshaamuliwa.

Dawa yake haigharimu kama ukuta wa maua. Anahitajika mtu, au wawili watatu kutegemea ukubwa wa hafla, ambaye kazi yake pekee ni kumfikisha kila anayeingia kwa mtu wa kwanza. Awe amesoma orodha ya waalikwa siku mbili kabla, ajue nani anakuja peke yake. Na ajue kutambulisha. Utambulisho wa kawaida, "huyu ni fulani, yuko idara ya fedha," huzaa "ahaa, nashukuru," kisha kimya ambacho kila mmoja anakijazia kwa kutazama pembeni. Jaribu badala yake: "Huyu amehama nyumba wiki iliyopita na bado anaishi katikati ya maboksi, wewe si ulihama mara mbili mwaka jana?" Mazungumzo yameshaanza na mtambulishaji anaweza kurudi mlangoni. Tofauti yake si ufundi wa maneno. Mtambulishaji wa pili anawajua wageni, wa kwanza anajua vyeo vyao. Wenyeji wazuri wa nyumbani hulifanya hili bila kufundishwa. Ajabu ni kwamba tukishakodi ukumbi tunaliacha, tunaajiri watu wa kupanga viti.

Na viti vyenyewe vina neno. Robin Dunbar na wenzake waliwahi kupima makundi ya watu wanaozungumza kwa hiari, wakachapisha mwaka 1995: mazungumzo huwa hayavuki watu wanne kwa urahisi. Akiongezeka wa tano, kundi huanza kugawanyika. Hilo linaieleza vizuri meza ya duara ya watu kumi, ambayo sijui nani aliiamuru itawale kumbi za dunia nzima. Anayekaa pale anaweza kuongea na wa kushoto na wa kulia tu. Katikati kuna pambo refu linalomficha wa mbele yake, na hata bila pambo umbali hauruhusu. Majirani zake wakigeukia upande mwingine, amekwisha. Sina ugomvi na maua, nina ugomvi na kikao cha maandalizi ambapo mpambaji anapewa saa nzima na hakuna aliyeuliza nani akae na nani.

Wapo waliolitambua tatizo hili zamani, wakaenda mbali zaidi yangu. Harrison Owen, Mmarekani aliyekuwa akiandaa mikutano, alitumia karibu mwaka mzima kupanga mkutano wa kimataifa uliofanyika mwaka 1983, na ulipokwisha akaambiwa kwamba sehemu bora kuliko zote ilikuwa mapumziko ya kahawa, yaani sehemu ambayo yeye hakuipanga. Mwaka 1985 akajaribu mkutano usio na ratiba iliyoandaliwa: watu wanakaa kwenye duara, mwenye jambo analitangaza, anayelitaka anamfuata. Mtindo huo umeenea na unafanya kazi pale ambapo watu wana tatizo la pamoja la kutatua. Ila fundisho ambalo wengi wamelichukua hapo, kwamba ratiba ni adui, nalikataa. Mapumziko ya kahawa yalinoga kwa sababu watu walitoka ndani na kitu cha kubishania. Ondoa vikao vyote, uache kahawa tu, unarudi kwenye hafla ya Columbia ambapo kila mtu anamfuata rafiki yake. Ratiba nzuri ni ile inayowapa watu neno la kuanzia kisha inawaachia muda wa kutosha, na muda huo uwe umeandikwa kwenye ratiba, si mabaki ya hotuba zilizorefuka.

Kumpa mgeni nafasi kuna daraja la juu zaidi ya kumtambulisha, nalo ni kumfanya sehemu ya wanaoitengeneza shughuli. Mwaka 1947, Edinburgh ilipofungua tamasha lake la kimataifa la sanaa, vikundi vinane vya maigizo vilifika bila kualikwa, vikaonyesha kazi zao pembeni ya ratiba rasmi. Kutokana na wadoezi hao kukazaliwa Fringe, ambayo leo ni miongoni mwa matamasha makubwa kabisa ya sanaa duniani. Burning Man nayo ilianza mwaka 1986 kwa Larry Harvey na Jerry James kuchoma sanamu ya mbao ufukweni San Francisco, ikahamia jangwa la Black Rock huko Nevada mwaka 1990, na imeshikilia kanuni kwamba hakuna watazamaji, kila anayekuja ana anachofanya. Mwaka 2023 mvua iliwanasa maelfu kwa maelfu ya washiriki kwenye matope. Wengi walitoka wakiisimulia dhiki hiyo kwa fahari, kama watu waliojenga kitu pamoja. Sitatia chumvi lakini: mwaka uliofuata tiketi za huko hazikumalizika kama ilivyozoeleka. Nafasi haifuti gharama, joto wala tope. Anayeniambia kwamba mgeni aliyehusishwa vizuri atavumilia choo kibovu, huyo sijamwunga mkono. Choo, maji, usafiri wa kuondoka na sauti inayosikika ni vitu ambavyo vikikosekana hakuna kingine kitakachozungumzwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi yangu ni kwamba si kila mtu anataka kazi. Mtu ametoka kazini amechoka, anataka kukaa, kula na kutazama. Nakubaliana naye, na kwa tamasha la muziki lenye watu elfu kumi kutazama ndiyo shughuli yenyewe. Lakini wanaolitumia pingamizi hili huwa wanafikiria mambo mawili kuwa moja: kumpa mtu nafasi na kumburuza kwenye michezo. Mshereheshaji anayewasimamisha watu wazima mmoja mmoja waseme jina, kazi na mnyama wanayempenda hajampa mtu yeyote nafasi. Amewafanyisha mtihani mbele ya hadhira. Kipimo ni chepesi: huyu mtu asipofanya alichopewa, kuna kitakachopungua? Aliyeombwa wiki moja kabla alete picha tatu za zamani za mstaafu anayeagwa, asipozileta, patakuwa na pengo. Aliyeombwa ampokee mgeni mmoja anayetoka mbali atakuwa na wa kuongea naye jioni nzima. Hata yule aliyechoka ataridhika na kiti kilicho karibu na mtu anayemfaa, na hiyo pia ni nafasi.

Halafu kuna mwisho, sehemu inayopangwa kwa uvivu kuliko zote. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliwaomba wavumilie sekunde 60 zile zile, kisha wakaongeza 30 ambazo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado ya kuumiza. Walipoulizwa ni jaribio gani wako tayari kurudia, wengi walichagua lile refu. Waliteseka zaidi, ila liliishia pazuri kidogo. Swali aliloulizwa kila mmoja lilikuwa la kurudia, na jibu lilitawaliwa na dakika ya mwisho. Sasa fikiria jinsi shughuli zetu zinavyoisha: neno la shukrani linalotaja watu ambao nusu yao wameshaondoka, taa kuwashwa ghafla ili ukumbi ufagiliwe, foleni ya magari, mwenyeji haonekani. Fataki huwekwa katikati na uchovu huachiwa mlango wa kutokea. Mwenyeji aliyesimama mlangoni dakika 20 za mwisho, akimuaga kila mtu kwa jina na kutaja tarehe ya shughuli ijayo, ana nguvu kuliko msanii aliyeimba saa mbili kabla.

Hatari moja ya mkondo huu wote sitaificha, na sina hakika kwamba ina dawa kamili. Wanaorudi hujuana, wakijuana hujifunga, na mgeni mpya wa mwaka wa nne anakuta mafungu yenye migongo migumu kuliko yale ya mwaka wa kwanza. Shughuli nyingi zilizopendwa sana zimekufa hivyo: watu 40 wanaopendana, kisha 30, kisha 20. Parkrun inajitahidi kwa kuwakusanya wageni wapya kabla ya mbio na kuwaeleza utaratibu, na wanaowaeleza ni wale wazoefu waliojitolea. Hiyo ndiyo njia bora ninayoijua: kazi ya kupokea isiwe ya ofisi, iwe ya aliyekuja mara ya pili au ya tatu, ambaye bado anakumbuka alivyohisi mlangoni. Aliyekuja mara kumi ameshasahau.

Mwandalizi akilikubali hili, kinachobadilika kwanza ni bajeti. Watu wa mapokezi wanaowajua wageni, meza ndogo, spika zilizopunguzwa sauti saa ya kwanza, vyote ni nafuu kuliko msanii, ila vinahitaji muda wa mtu anayefikiri, na muda huo hauna risiti ya kuonyesha kwenye kikao. Kinachobadilika pili ni kipimo. Idadi ya waliofika haisemi lolote kuhusu mwakani, na fomu ya maoni inayojazwa mtu akiwa mlangoni hupima adabu yake. Swali lenye faida huulizwa wiki mbili baadaye: umewasiliana na nani uliyekutana naye pale? Ambaye hana jina la kutaja, usimtegemee, hata kama alitoa nyota tano.

Vifuko vibaki kwa msanii anayelinda kazi yake na kwa mikusanyiko ambayo kurekodiwa kunaweza kumdhuru mtu. Anayevitaka ili watu wazungumze, ninamshauri ajaribu jambo moja la bei nafuu kwanza. Kwenye shughuli ijayo aziache simu huru, amweke mtu mmoja pembeni mwenye daftari na mchoro wa ukumbi, aandike ni wapi simu zinatoka kwa wingi na saa ngapi. Sehemu zitakazojaa alama, iwe ni foleni ya chakula, meza mbili za nyuma, eneo la kuingilia au hotuba ya tatu mfululizo, ndizo za kurekebisha kabla ya kuagiza kifuko hata kimoja.